Kabange, kwanza makondo ni mangapi?

Kabange mwanangu,

Unaniuliza kama ni kweli dokta akipunguza mmoja kati ya watoto watatu ulio nao tumboni, wawili wanaobaki watapona. Ujumbe wako umenikesha hapa Katuba, Lubumbashi, mkononi nina picha yako na pacha wako Kyungu mkiwa wachanga.

Kabla sijajibu: makondo, yale yanayowalisha watoto tumboni, ni mangapi? Kila kitu kinaanzia hapo. Kama kila mtoto ana kondo lake, kazi hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Sindano hupitishwa tumboni ikiongozwa na ekografi, yaani picha ya ultrasound, kloridi ya potasiamu inaingia kwenye moyo wa mmoja, moyo unasimama. Hatolewi. Anabaki humo, ananywea polepole. Lakini kama wawili wanakula kondo moja, kama wewe na Kyungu, mishipa yao imeungana. Dawa hiyo haifai kabisa kwa mmoja wao: inaweza kumfikia mwenzake, na moyo wa aliyedungwa ukisimama, damu ya mwenzake humkimbilia, na mwenzake huyo akafa au akaumia ubongo. Hapo huziba kamba ya kitovu kwa joto, na wanaoiweza ni wachache.

Watatu huzaliwa, kwa wastani, wiki ya 32 au 33. Wawili, karibu ya 35 au 36. Usizidharau wiki hizo, mwanangu. Nikiwa kazini maternite, wodi ya wazazi, niliwahi kupokea watatu, kila mmoja gramu elfu moja na kitu, na kuvezi, mashine ya kuwatia joto njiti, iliyokuwa nzima ilikuwa moja. Nilichagua nani aingie. Mama yao alikuwa ananitazama.

Huko Brussels kuvezi zipo. Basi usiamue kwa hofu ya huku.

Sindano nayo ina hatari yake. Hata kwa mikono iliyozoea, kati ya wanawake 100 waliotoka watatu wakabaki na wawili, takriban 5 hadi 8 hupoteza mimba yote, ingawa wengine wangeipoteza hata bila kuguswa. Muulize dokta amefanya ngapi. Asiudhike.

Baba yako anasema alichotoa Mungu hakipunguzwi. Namheshimu, ila hakuwepo siku ile ya kuvezi moja. Uamuzi ni wenu, wewe na mume wako. Mkibaki na watatu, nitakuja kuwaosha wote. Mkibaki na wawili, nitakuja, na huyo wa tatu tutamlilia pamoja.

Kesho nitumie karatasi ya ekografi.

Mama yako