Kabla hujafunga kondensa kwenye boila ya gesi, shika bomba la maji

Jana usiku nimepata ujumbe wa dada mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Watamu. "Dada, nimepata kile kifaa cha kufunga kwenye dohani ya boila, kile cha kuvuna joto la moshi. Muuzaji asema nitaokoa gesi asilimia kumi. Nilipe?" Nimeusoma mara tatu, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na machungu yake hayajanitoka.

Wengi wenu mnaonisoma mko kwenye njia hii yangu: londri, mikahawa, nyumba za wageni. Sote twataka biashara ikue bila faida kuliwa na mitungi ya gesi. Mimi nafua mashuka na taulo hapa Kisauni, na boila yangu, mashine ya kuchemshia maji, hula karibu kilo nne za gesi kila saa. Julai 2021 serikali iliporudisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi, nilikaa na daftari langu nikaona faida yote yaenda na lori la mitungi ya kilo 50. Ndipo nilipochukua zamu yangu ya chama cha kuchangiana, pesa nilizokuwa nimeziwekea mashine ya pili ya kukausha, nikanunua kondensa, kifaa kile kile anachouziwa dada wa Watamu.

Kifaa chenyewe ni sanduku la stenlesi lenye mabomba ndani. Moshi wa boila wapita upande mmoja, maji upande wa pili. Gesi yetu ikiungua hutoa maji mengi kuliko mtu anavyodhani: kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yakiwa mvuke ndani ya moshi. Mvuke ule ukirudi kuwa maji, huachia joto lililokuwa likipotelea angani. Hapo ndipo penye pesa.

Fundi niliyeletewa na muuzaji alikifunga siku mbili. Akaunga bomba la maji yanayozunguka kutoka tangi la maji moto kurudi kwenye boila. "Mama, hapa ndipo maji yanaporudi, ndipo mahali pake," akaniambia. Nikaamini. Mwezi ukaisha, mitungi ikawa 17 kama kawaida, labda mtungi wa mwisho ulivuta siku moja zaidi. Bomba dogo la kutolea maji chini ya kondensa lilikuwa kavu, buibui ameshaweka nyumba. Nikapiga simu, nikaambiwa nivumilie. Nikapiga tena, haikupokelewa. Shemeji yangu akasema mbele ya watu kwamba nimenunua sanduku la bati kwa bei ya kiwanja. Sijalisahau neno hilo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Majengo, aliyemaliza ujana wake kwenye vyumba vya injini za meli. Hakuleta chombo chochote. Aliweka kiganja kwenye bomba linaloingia kwenye kondensa, akakiondoa upesi.

"Mwanangu, maji haya ya moto yatapozaje moshi?"

Kisha akaomba gilasi mbili, moja ya maji ya barafu na moja ya chai. Akaziweka juu ya meza ya kupigia pasi. Unajua hewa ya hapa Mombasa ilivyojaa unyevu. Kabla hatujamaliza salamu za nyumbani, gilasi ya barafu ilikuwa inatiririka jasho hadi kwenye kitambaa. Ya chai, ubavu wake mkavu. "Moshi ni kama hewa hii," akasema. "Hautoi jasho mpaka ukutane na kitu baridi."

Tulipopima, maji yangu yalikuwa yakiingia kwenye kondensa na nyuzi 68. Moshi wa gesi ya mitungi huanza kutoa maji ukishuka chini ya nyuzi 50 na kitu. Basi isingewezekana hata ningengoja mwaka. Na baridi tunayo: maji mapya kutoka tangi la juu, nyuzi 28 au 29, yaliyokuwa yakiingia moja kwa moja kwenye tangi la maji moto bila kupitia popote. Tukahamisha mabomba, maji yale yakapita kwenye kondensa kwanza. Mzee akasisitiza pampu ndogo inayowaka pamoja na boila na kuyazungusha hata mashine zikiwa zimesimama, maana maji yakituama mle huku moto ukiwaka yatachemka. Akataka pia vali ya kutoa presha ikizidi.

Nilichuchumaa na jagi la plastiki chini ya lile bomba dogo lililokuwa kavu. Dakika kadhaa hakuna kitu. Halafu tone. Halafu tone jingine, halafu uzi mwembamba wa maji. Jagi la lita mbili lilijaa kabla ya saa kwisha. Nililia, siwafichi. Mwezi ule nilitumia mitungi 15.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pima maji yanayoingia. Usinunue kwa maneno ya mtu kabla hujapima. Kama maji yako yote ni ya kuzunguka na yanarudi na nyuzi 60 au 70, pesa zako zibaki mfukoni. Kama unatumia maji mapya mengi kila siku, kama sisi tunaofua, una mali.

Kuna na mengine, nayo yaliniuma pia. Maji yale ya moshi yana asidi. Dohani yangu ilikuwa ya chuma cha kawaida, na baada ya miezi mitano ilitoboka kama chandarua, kwa hiyo badilisha iwe ya stenlesi kuanzia kondensa kwenda juu. Maji yenyewe usiyamwage kwenye mtaro hivi hivi. Mimi nayapitisha kwenye ndoo ya vipande vya mawe ya matumbawe, yale yale yaliyojenga nyumba za Mji wa Kale. Chokaa yake huua asidi, na mawe yakipungua naongeza. Bomba la kutolea maji lipindwe kama la chini ya sinki, moshi usipite humo.

Kisima changu kina chumvi, na chumvi hutoboa hata stenlesi, basi kondensa nailisha maji ya mfereji tu, nikijaza matangi siku yanapotoka.

Na feni. Kondensa huuzuia moshi, na boila inayotegemea moshi kupanda wenyewe itaurudisha chumbani. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu. Wasichana wangu wanne hufanya kazi mita chache kutoka pale. Niliweka feni, na swichi inayozima boila feni ikisimama. Asiyekubali kuiweka swichi hiyo asiguse boila yako, hata akufanyie bure.

Dada wa Watamu, usilipe kesho. Nunua kipima joto, kifunge kwenye bomba linalorudi kwenye boila na kwenye bomba la maji mapya, soma asubuhi wageni wakioga na soma tena saa nane mchana. Nitumie namba hizo na picha ya dohani yako. Nitakujibu usiku huo huo.