Sanamu kuukuu ya risasi: kazi kubwa iko kabla ya rangi

Sanamu nyingi za michezo ya vita ya mezani zilizotengenezwa Uingereza na Marekani miaka ya 1980 zilimiminwa kwa mchanganyiko wa risasi (madini, yaani lead) na bati. Kimo chake ni milimita 25 hadi 28 tu, lakini fundi aliyeichonga ile ya kwanza hakubana kitu: vifungo, mikunjo ya nguo, hata kucha zinaonekana. Tatizo ni kwamba nyingi zinakufikia zikiwa na matabaka ya rangi nene. Ukipaka mpya juu ya hiyo, unazidi kuifukia kazi ya fundi. Ibandue yote.

Tuanze na usalama. Viwanda vikubwa viliachana na risasi miaka ya 1990, kwa hiyo sanamu ya zamani zaidi ihesabu kuwa ni ya risasi. Usiisugue kikavu, maana vumbi lake ni sumu. Tumia msasa wa maji namba 600 na uifanye ikiwa imelowa. Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni, watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Ukiona unga mweupe unatambaa juu yake, ni risasi inayoliwa na mvuke wa asidi, ambao mara nyingi hutoka kwenye mbao au kadibodi ya boksi lililofungwa. Uondoe kwa mswaki uliolowa, kausha vizuri, na usichelewe kupaka praima, yaani rangi ya msingi. Palipokwisha kutoboka hapatarudi.

Kwa kubandua, asetoni haina mpinzani. Wauza vipodozi wanayo kwa ajili ya kucha, ila chukua asetoni tupu, isiyotiwa mafuta wala manukato. Kwanza ng'oa kitako na ngao za plastiki, kwa sababu asetoni itaziyeyusha. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati, loweka saa moja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Kwenye mikunjo ingia na kijiti cha meno. Wembe na pini ziache, risasi ni laini na mkwaruzo haufutiki. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa, na vaa glavu nene za kufulia.

Kama plastiki haing'oki, loweka kwenye Dettol isiyochanganywa na maji kwa saa 24. Hapa wengi huharibu: wanakimbilia bombani, na rangi iliyolainika ikikutana na maji hugeuka ulimbo unaong'ang'ania kila pembe. Sugua na suuza kwa Dettol hiyo hiyo mpaka rangi iishe, ndipo uende kwenye maji na sabuni. Magadi ya kutengenezea sabuni usiyaguse kabisa, yanakula bati na risasi.

Upanga uliopinda unyooshe kwa vidole, polepole, mara moja. Ukiupinda huku na huku utakatika. Usiupashe moto pia: mchanganyiko huu unaweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Mkono uliokatika unahitaji kipini ndani. Kwa Arusha, waulize masonara wanakonunua keekee nyembamba; unataka ya milimita 1. Toboa upande mmoja kina cha milimita 3, weka tone la rangi mdomoni mwa tundu, gusanisha vipande, na alama itakuonyesha pa kutoboa upande wa pili. Weka waya wa klipu ya karatasi na gundi ya epoksi ya kuchanganya. Supagluu pekee inashika haraka, ila sanamu ikianguka inaachia.

Osha tena kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke usiku kucha, kisha ibandike juu ya kizibo ili usiishike. Alama ya kidole ni mafuta, na praima haishiki juu ya mafuta.

Praima ya kupuliza ya magari inafaa. Simama sentimita 20 hadi 30, puliza kwa kupita haraka, mara mbili nyepesi. Mjini Moshi, mchana wa jua kali, rangi hukauka hewani na kutua kama mchanga. Fanya asubuhi mapema. Arusha ya Juni na Julai ni kinyume chake: ngoja ukungu uondoke, na kopo lipashwe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si kwa moto. Funika kwa boksi dhidi ya vumbi, subiri saa 24.

Rangi yenyewe ni akriliki, tone moja kwa tone moja la maji, matabaka mawili au matatu, kila moja likauke kwanza. Akriliki za maduka ya vifaa vya shule zina chembe kubwa. Zinahitaji matabaka zaidi, lakini zinafanya kazi. Malizia na vanishi ya kung'aa kwa ulinzi, kisha isiyong'aa kwa sura. Hiyo ya pili ukiipuliza siku ya unyevu inaweza kuganda weupe kama ukungu. Usibandue chochote: pitisha ya kung'aa tena juu yake, mara nyingi weupe hupotea, halafu rudia ile isiyong'aa siku kavu.