Sekunde na Matundu: Kupiga Shabaha kwa Taima na Kulinganisha Alama kwa Haki

Mtu akisema amepata 94 kati ya 100 kwa bunduki, bado hajasema kitu. Alikuwa amelala au amesimama? Mita 25 au 200? Duara la kumi (lile la katikati lenye alama 10) lilikuwa na upana gani, na alipewa dakika moja au kumi? Mazoezi ya kupiga kwa muda yanamjenga mlenga shabaha haraka kuliko kupiga ovyo bila mpango, ila sharti sekunde na matundu viandikwe pamoja, na masharti yapangwe kabla ya mlio wa kwanza. Vinginevyo kulinganisha alama kunabaki kuwa maneno ya kijiweni.

Yote yafuatayo ni ya kwenye renji inayotambulika, chini ya msimamizi, ukiwa na miwani na vizuia sauti masikioni. Uliza kwanza kama renji inaruhusu kupiga upesi, maana nyingi zina kikomo cha risasi kwa sekunde.

Anza bila saa. Lala kifudifudi, funga mkanda wa bunduki mkononi au egemeza kwenye mfuko wa mchanga, piga risasi kumi taratibu, kisha pima mkusanyiko wa matundu: kitovu cha tundu moja la ukingoni hadi kitovu cha lile lililo mbali nalo zaidi. Ikiwa kwa mita 100 mkusanyiko wako ni milimita 120 na duara unalotafuta lina upana wa milimita 97, saa haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye mkao, kwenye triga au kwenye risasi zenyewe, na kuongeza haraka kutalificha tu. Tumia risasi za aina moja na uzito mmoja tangu unaporekebisha vilengeo hadi unapoandika alama. Ukibadilisha uzito wa kichwa cha risasi, kitovu cha matundu nacho kinahama. Kwa mita 100 dakika moja ya pembe (sehemu ya sitini ya digrii) ni takriban milimita 29 na mili moja (sehemu ya elfu ya umbali) ni sentimita 10. Kwa hiyo darubini yenye mibofyo ya robo dakika inasogeza tundu kama milimita 7 kwa kila mbofyo, na ile ya sehemu ya kumi ya mili inasogeza milimita 10.

Zoezi tunalolipendekeza kuliko yote ni la zamani, nalo limetoka kwenye mashindano ya bunduki ya Marekani: risasi kumi kwa sekunde 60, yadi 200, unaanza umesimama, unakaa au kupiga goti, unapiga mbili, unabadilisha magazini (kasha la risasi), unamalizia nane. Duara la kumi lina inchi 7, yaani milimita 178. La yadi 300 hupigwa ukiwa umelala na hupewa sekunde 70. Uzuri wake ni kwamba ndani ya dakika moja linapima kila kitu: kuingia kwenye mkao, kupumua, triga, kubadilisha magazini na kurudi ulipokuwa. Asiye na yadi 200 apunguze karatasi. Kwa mita 100 duara la kumi liwe milimita 97, kwa mita 50 liwe 49, kwa mita 25 liwe 24.

Hesabu ya muda iko hivi. Kuingia kwenye mkao na kutulia, sekunde 12. Kubadilisha magazini, 8. Zinabaki 40 kwa risasi kumi, yaani nne kwa kila moja, na sekunde nne zinatosha kabisa: pumua mara moja, tulia pumzi inapokatika yenyewe, bonyeza, pokea teke la bunduki, vilengeo virudi. Mwenye bunduki ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono baada ya kila risasi) ana kazi zaidi, kwa kuwa lazima avute bolti bila kuinua shavu kwenye kitako. Ukimwona mtu anainua kichwa kila risasi ili aangalie ganda linaangukia wapi, jua anapoteza sekunde nzima kila mara na shavu halirudi palepale.

Kabla hujaanza kuhesabu sekunde, jifunze kuitafuta sehemu ambayo bunduki inataka kutazama yenyewe. Ingia kwenye mkao, lenga, funga macho, pumua mara mbili, fungua. Vilengeo vikiwa vimekwenda kulia, usivirudishe kwa misuli ya mikono. Zungusha makalio kidogo kama umekaa, au zungusha mwili wote ukikiacha kiwiko cha mbele palepale kama umelala. Wengi huona hatua hii ni kupoteza muda. Ukweli ni kwamba anayeiruka hulazimika kuivuta bunduki katikati kila risasi, mara kumi, na uchovu wake unaonekana kwenye matundu yaliyotanda upande mmoja hadi mwingine. Kabla ya zoezi, weka alama sakafuni mahali pa visigino na makalio, ili ukikaa baada ya mlio uwe tayari umeelekea shabaha.

Sasa taima. Kifaa hiki cha kupimia muda wa risasi kina maikrofoni: kinatoa mlio, kisha kinaandika saa ya kila mshindo. Weka mlio uje baada ya muda usiotabirika, sekunde mbili hadi nne; ukiuweka uje baada ya muda uleule kila mara, mwili unaanza kuondoka kabla ya mlio na namba zako zinakuwa za uongo. Hisi ya maikrofoni ikiwa juu mno, kifaa kitahesabu risasi za jirani au mwangwi wa ukuta. Ikiwa chini mno, bunduki ndogo ya .22 haitasikika. Hakikisha idadi ya mishindo iliyoandikwa ni kumi. Ikiwa 11 au tisa, futa muda huo bila kubishana.

Faida ya kifaa si ule muda wa mwisho, ni nafasi kati ya risasi na risasi. Tazama mfano huu wa raundi moja ya sekunde 60: 11.8, 15.6, 27.1, 30.4, 33.5, 36.9, 40.1, 43.0, 46.2, 49.3. Kati ya risasi ya pili na ya tatu kuna sekunde 11.5. Risasi zake za kawaida zinachukua kama 3.2, hivyo kubadilisha magazini kumemgharimu takriban nane, si vibaya. Kisha angalia mwisho: amemaliza akiwa na sekunde 10.7 mkononi. Kama amepata 88, hahitaji kuongeza kasi hata kidogo. Anahitaji kupunguza: risasi nane za mwisho kila moja ipewe sekunde moja zaidi, na bado atamaliza kabla ya mlio. Muda uliobaki kwenye zoezi lenye kikomo hauna alama, na bado watu hujisifia kumaliza mapema.

Mwingine utamkuta kinyume: risasi ya kwanza kwenye sekunde ya 18, magazini sekunde 14, kisha risasi nane zinamiminwa kwa sekunde mbili mbili. Huyo hana kasoro ya triga. Ana kasoro ya kukaa na ya mikono, na dawa yake haitaki risasi hata moja. Mazoezi bila risasi yafanyike kwenye chumba kisicho na risasi kabisa, chemba (mahali risasi inapokaa ndani ya bunduki) ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, mtutu uelekee ukuta usiopenyeka: mlio, kaa, lenga, bonyeza mara mbili, badilisha magazini tupu, lenga tena. Anza na kikomo cha sekunde 25 kwa mlolongo huo, ukiuweza mara tano mfululizo punguza sekunde moja. Kwa bunduki nyingi za .22, weka risasi bandia kwenye chemba kwanza, kwa kuwa pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Taima kwa kawaida haisikii mbofyo wa triga, hivyo hapa tumia mlio wa mwisho kama kikomo tu.

Karatasi nayo ina habari zake. Matundu yaliyopangana wima mara nyingi ni pumzi: unapiga huku kifua kinapanda au kushuka. Makundi mawili yaliyotengana ni mkao uliobadilika baada ya magazini. Ili uwe na hakika, siku ya mazoezi piga mbili za kwanza kwenye shabaha moja na nane kwenye nyingine pembeni yake. Matundu yanayohama polepole kuelekea upande mmoja yanaweza kuwa mkanda uliolegea au mtutu uliopata moto, hivyo acha mtutu upoe kati ya raundi. Matundu machache yaliyotupwa mbali, huku mengine yamekaa pamoja, kwa kawaida ni kushtuka. Kulithibitisha hilo ni rahisi: mwenzako akujazie magazini na kuchanganya risasi bandia moja au mbili bila wewe kujua ziko wapi. Ikifika zamu ya bandia, mtutu ukichovya chini kabla ya mbofyo, jibu mmelipata nyote wawili.

Hapa kuna jambo moja lisilo na mjadala. Katika kupiga upesi, mkono huzoea kuendelea wenyewe. Ukisikia mshindo hafifu au teke dogo kuliko kawaida, simama: kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Toa magazini, fungua, kagua mtutu kutoka upande wa chemba. Na risasi isiyolia kabisa iachwe mtutu ukielekea shabaha kwa nusu dakika kabla ya kufungua. Raundi hiyo irudiwe. Hakuna alama inayostahili kukimbiliwa.

Tukija kwenye kulinganisha, kuna njia mbili zinazoeleweka. Ya kwanza ni kikomo cha muda kama kile cha sekunde 60, ambapo mshindi ni mwenye alama nyingi. Ya pili ni ya mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha kwa vitendo lililoanzishwa mwaka 1976: alama zinagawanywa kwa sekunde. Kwa risasi za nguvu ndogo, eneo A (la katikati ya shabaha) lina alama 5, C lina 3, D lina 1, na kukosa kabisa kunakata 10. Chukua walenga shabaha watatu wenye risasi 12. Wa kwanza anapata zote A, 60, kwa sekunde 15.0: ni 4.00. Wa pili A nane na C nne, 52, kwa sekunde 11.5: ni 4.52. Wa tatu A saba, C nne, amekosa moja, 47 ukitoa 10 ni 37, kwa sekunde 10.5: ni 3.52. Aliyewahi kumaliza ndiye wa mwisho, na aliyepiga katikati tupu amepitwa. Tunaipenda njia hii kwa umbali mfupi. Kwa mita 100 na kuendelea, kikomo cha muda kinafundisha zaidi.

Usilinganishe raundi yako ya kawaida na raundi bora ya mwenzako. Kubalianeni raundi tano, zote ziandikwe, zipangwe kutoka ndogo hadi kubwa, na ichukuliwe ya tatu. Raundi ya kwanza ya siku iandikwe pembeni pia, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha unachokiweza bila kupasha moto. Tofauti ya alama moja au mbili kwenye risasi kumi ni bahati tu. Bolti na bolti, darubini na darubini, mkanda na mkanda. Kwenye bunduki za upepo na .22 za mtindo wa Olimpiki ulizeni kama alama zina desimali: risasi 60 hufikia 600 kwa hesabu nzima, lakini 654 kwa desimali, kwa sababu risasi moja inafika 10.9. Aliye na 612 na aliye na 585 huenda wako sawa kabisa.

Karatasi iliyopunguzwa ina hila yake. Tundu likigusa mstari linapewa alama ya juu, na tundu halipungui pamoja na duara. Risasi ya milimita 5.6 kwenye duara la milimita 24 la mita 25 inakupa nafasi halisi ya karibu 30, ongezeko la kama asilimia 23. Kwenye duara la milimita 178 la yadi 200 nyongeza hiyo ni kama asilimia 3 tu. Tena mita 25 hazina upepo wa maana. Kwa hiyo 95 ya mita 25 haiwekwi kwenye orodha moja na 95 ya yadi 200, hata kama karatasi zinafanana machoni. Vivyo hivyo mwenye 7.62 anagusa mistari mingi kuliko mwenye 5.6. Kama mnagombea nafasi, hesabuni kwa kipimo cha plastiki cha kuchomeka kwenye tundu, na kila mtu ahesabu karatasi ya mwenzake. Matundu 11 kwenye shabaha ya risasi kumi, na hakuna anayejua la jirani ni lipi: raundi irudiwe.