Kapi la kunyanyulia mkono baada ya kiharusi

SWALI: Baba alipata kiharusi miezi mitatu iliyopita, mkono wa kushoto ukalegea. Sasa anausogeza kidogo na kukunja vidole, ila kuvikunjua bado. Fundi wetu anataka kufunga kapi kwenye boriti, baba avute kamba kwa mkono mzima ili ule mgonjwa upande juu. Kuna ubaya? (Binti yake, Mafinga)

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Hilo kapi acheni. Mkono unapopanda, kombe la bega hutakiwa lizunguke nao. Kwa baba misuli ya kazi hiyo bado imelala, kwa hiyo kamba itanyanyua mkono peke yake na nyama laini za ndani ya bega zitabanwa na mifupa. Bega likishaanza kuuma, mazoezi yote yanasimama. Hata kumwinua kitandani, msimvute kwa mkono huo.

Fundi mpeni kazi nyingine. Mafinga hamkosi mabaki ya mbao. Akate kipande cha msonobari, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, akipige msasa, chini afunge magurudumu manne madogo yanayogeuka kila upande. Juu aweke nusu ya bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, ndani sponji. Mkono ulale humo, ufungwe kwa kitambaa kipana bila kubana. Baba akae mezani, asukume ubao mpaka uguse kikombe, aurudishe. Uzito wa mkono unabebwa na meza, kwa hiyo hata nguvu kidogo inafanya kazi. Mtazameni mgongo: wengi huinama badala ya kunyoosha kiwiko. Akiinama, kisogezeni kikombe karibu. Marudio yawe mengi, mia na zaidi kwa siku, kwa mafungu. Magurudumu yakikosekana, taulo juu ya meza laini inatosha kabisa.

Mpira wa kuminya, ambao kila jirani atawaletea, sina haja nao: kukunja anaweza tayari. Kwa kukunjua, simamisheni kioo mbele yake katikati ya mikono, uso wake uelekee mkono mzima, mkono mgonjwa ukae nyuma ya kioo. Atazame taswira ya mkono mzima ukifunguka huku akijaribu kufungua yote miwili, nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki.

Kabla ya yote, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) aangalie kama bega limeshuka, yaani mfupa wa mkono umeteleza chini kutoka kwenye kiungo chake. Na baridi ya Juni na Julai hukaza misuli, hivyo mvalisheni sweta kabla ya mazoezi. Jiko la mkaa likae mbali. Mkono uliopoteza hisia huungua mwenyewe asijue.