Baiskeli inayumba nikilalia viwiko

Swali: Nafanya mazoezi ya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) hapa Kigoma. Nimefunga vyuma vya kulalia viwiko mbele ya usukani, lakini nikiinama tu baiskeli inayumba na shingo inauma.

Jibu: Pole. Mara nyingi pedi, yaani vimto vya kuegemeza viwiko, huwa mbele mno na chini mno, kwa hiyo unajishikilia kwa misuli badala ya kuegemea. Zirudishe hadi kiwiko kikaribie kuwa chini ya bega, ziinue sentimita 2 au 3, kisha kaza bolti kwa spana ya L. Pedi ikilegea njiani ni ngeu. Vidole vilegee, kama umeshika yai: ngumi iliyokazwa ndiyo inayoyumbisha. Anza dakika 2 kulala, 3 kuinuka, mara 5, alfajiri barabara ikiwa tupu. Kuelekea Ujiji penye bodaboda usilale kabisa, maana breki ziko mbali na vidole.