Kufunga injini na giaboksi kwenye fremu ya pikipiki ya zamani

Ndugu uliyeuliza kipi kitangulie kuingia, injini au giaboksi, na kwa nini bolti ya mwisho inagoma kupita kwenye tundu lake: nimeshazifunga kadhaa, na nitajibu kuhusu pikipiki za Kiingereza ambazo giaboksi yake imetengana na injini, kama BSA A10 za baadaye au Triumph za cc 650 zilizotangulia toleo la 1963.

Mimi hutanguliza giaboksi. Huiweka kwenye mabamba yake, yaani vipande bapa vya chuma vinavyoishikilia kwenye fremu, ikiwa imelegea, kwa sababu injini ikishakaa, nafasi ya kuipindua na kuipenyeza haipo tena. Injini nayo ni nzito. Kama huna msaidizi, ilaze ubavu juu ya godoro kuukuu, kisha uteremshe fremu juu yake. Hiyo ni rahisi kuliko kubeba chuma kile huku unalinda rangi.

Kuhusu bolti inayogoma, usiigonge kwa nyundo. Kwa kawaida chanzo ni mambo mawili: umekaza bolti za awali kabla zote hazijaingia, au rangi mpya imejaa ndani ya matundu na mahali mabamba yanapokalia. Kwangua rangi hiyo mpaka chuma kionekane, jambo ambalo pia litaupa umeme njia safi ya kurudi kupitia fremu. Bolti nyingi za pikipiki hizi zina nyuzi (mikato ya kuzungushia nati) 26 kwa inchi, kwa hiyo nati ya milimita, hata ikionekana kushika, itaziharibu nyuzi hizo.

Zote zikishaingia, zikiwa zimekazwa kwa vidole tu, ndipo kazi yenyewe inapoanza. Spoketi (gurudumu la meno la cheni) ya injini na ile ya klachi lazima zikae kwenye mstari mmoja; weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zake na utazame kama kuna mwanga unaopenya. Cheni inayoziunganisha iachiwe mchezo, yaani ulegevu, wa takriban milimita 12 katikati, upimwe pale inapokaza zaidi, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa. Zungusha injini taratibu na upime sehemu kadhaa. Kaza giaboksi, halafu pima tena, maana ina tabia ya kujipinda kidogo wakati wa kukazwa. Cheni ya nyuma, inayokwenda kwenye gurudumu, isubiri hadi hapo, kwani kila ukisogeza giaboksi unaiharibia kipimo.

Mkono unaoshikilia kichwa cha silinda kwenye fremu ufungwe mwisho kabisa, na ukikuta pengo, lijaze kwa washa, vile vipete bapa vya chuma vya bolti. Ukilivuta kwa bolti, mtetemo utapasua mkono huo siku moja, tena mbali na nyumbani.

Baada ya kuwasha, fungua tanki la oili na uhakikishe oili inarudi humo kutoka kwenye injini. Injini ikishapoa, pitia tena bolti zote kwa spana.