Retoti hula dhahabu?

Swali: Mhandisi, mimi na wenzangu wanne ni wachimbaji wadogo. Anayechoma ni mke wangu: donge la dhahabu na zebaki analiweka kwenye koleo juu ya mkaa, jikoni kwetu. Siku hizi vidole vyake vinatetemeka hata kutia uzi kwenye sindano hawezi. Nilitaka kununua retoti, kile chombo cha chuma kinachofungwa ili donge lichomwe ndani na mvuke wa zebaki unaswe, lakini wenzangu wanasema inakula dhahabu, na inayotoka ni chafu, mnunuzi ataikataa. Eti anywe maziwa na kujifunga kitambaa puani. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na mkeo. Asichome tena, hata hilo donge la leo jioni. Vidole kutetemeka ni dalili inayojulikana ya mvuke wa zebaki, hasa kama pia hapati usingizi, anasahausahau au fizi zinavuja damu. Mpeleke hospitali na umweleze daktari kazi anayofanya, la sivyo atahangaika na magonjwa mengine. Kipimo ni cha mkojo. Akiwa mjamzito, msingoje kesho.

Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unakwenda mapafuni, na takriban asilimia 80 ya unaovutwa huingia kwenye damu. Kitambaa huzuia vumbi tu. Tena moto ukishazimwa, zebaki iliyoganda kwenye kuta na paa inaendelea kutoa mvuke, na aliyelala humo anauvuta usiku kucha.

Sasa hiyo retoti. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Ndani ya chombo kilichofungwa, dhahabu itakimbilia wapi? Nadhani uvumi unatokana na mizani: dhahabu iliyochomwa haraka haraka hubaki na zebaki ndani, kwa hiyo inapima zaidi. Ikiiva sawasawa uzito unashuka, na retoti ndiyo inayolaumiwa. Na huo uchafu wanaosema, ule ukahawia wa dhahabu inayotoka kwenye retoti, ni wa juujuu. Ukiiyeyusha na boraksi, ule unga mweupe wa kusaidia kuyeyusha, inarudi njano. Ila hata hapo hutoa mabaki ya zebaki, kwa hiyo kazi hiyo pia ifanyike mbali na nyumba.

Mkiitengeneza wenyewe kwa mabomba ya maji, msitumie yaliyopakwa zinki. Ncha ya bomba la kupoozea, lile linalotoa mvuke ili ugeuke zebaki tena, isizamishwe majini, kwa sababu moto ukipungua maji yatavutwa ndani ya chuma cha moto na kupasuka. Bomba hilo lizungushieni kitambaa kilicholowa. Na msifungue kabla haijapoa kabisa. Najua subira hiyo ndiyo ngumu, kila mtu anataka kuona.

Hukuniambia zebaki mnaitia wapi, na nashuku hela zenu zinapotelea hapo. Kama mnaimwaga kwenye kinu pamoja na mawe yote, inasagika kuwa chembe ndogo mno zinazoelea na kuondoka na dhahabu. Kwa njia hiyo kwa kawaida mnapata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki imo kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kazi, na mwenye mtambo wa sayanaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, anaijua vizuri, ndiyo maana hachoki kuyataka. Sageni kwanza bila zebaki, mpitishe kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa zulia, mwoshe kwenye karai, kisha zebaki iguse yale makinikia machache tu, yaani mchanga mzito wenye dhahabu unaobaki. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huenda mbele zaidi: makinikia yakishasafishwa sana huyeyushwa na boraksi, bila zebaki kabisa. Haifai kwa kila aina ya mawe, lakini jaribuni kwa kiasi kidogo.

Marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye sayanaidi. Sayanaidi huyeyusha zebaki pia, na ikifika mtoni hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu inayojikusanya kwenye samaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka hilo likomeshwe, pamoja na kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma wazi na kuchoma kwenye makazi. Hapo jiko lenu limetajwa mara mbili.

Zebaki mtakayoikusanya itumieni tena. Ikichoka na kugawanyika vitone vitone, huamshwa kwa maji ya chumvi na betri ya gari. Kwa hilo niandikie tena nikueleze hatua kwa hatua. Na lile koleo lisirudi kwenye mkaa wa kupikia.